Kobe Aikatia Bima Nyumba Yake

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nyumba!
— Na paa lake!
Pakavuma upepo!
— Paa likaenda!
Na mwenye nyumba?
— Alikuwa na bima!
Basi mpeni pole, kisha mnisikilize.

Hapo kale Kiboko aliuza bima ya nyumba. Yeye mwenyewe hakuwa na nyumba, aliishi majini, na pengine ndiyo sababu nyumba za wenzake hazikumkosesha usingizi. Kila mavuno alitoka mtoni, gubu, gubu, gubu, akikusanya viazi vitamu.

"Leteni, wateja wangu wapenzi! Nyumba ikianguka, nitaijenga. Mkikosa pa kulala, mtakaa kwangu, nyinyi na wote mnaoishi nao, mpaka nyumba itengemae. Hayo ndiyo masharti."

Wanyama wakapiga makofi. Masharti yalikuwa matamu kuliko viazi.

Upepo ukaja, vuuu! Nyumba ya Bi Ndezi, mjane mwenye watoto tele, ikalala chini. Akaenda mtoni.

"Ulikuwapo?" Kiboko akauliza.

"Sikuwapo, Bwana Mkubwa. Nilikwenda kuwatafutia wanangu chakula."

"Nyumba isiyo na mtu haina fidia. Pole sana."

Upepo ukarudi, vuuu! Mti wa Kindi ukaanguka, puu! Kindi naye akaenda mtoni.

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo!" Kindi akajibu upesi, maana ya Bi Ndezi alikwisha kuyasikia.

"Ulikuwapo, mbona hukuushika mti? Uzembe hauna fidia. Pole sana."

Kwa pole, Kiboko hakuwa mchoyo hata kidogo.

Masika yakakaribia. Wale watoto wa Ndezi hawakuwa na pa kulala ila ubavuni mwa jirani yao Kobe, chini ya ukingo wa gamba lake, wamebanana. Kindi kajikunyata shingoni. Mmoja akipiga chafya, nyumba nzima inatikisika.

"Barazani kwangu pamejaa," Kobe akasema, "na mvua yenyewe haijaanza."

Akachukua kiazi, akamfuata Kiboko mbele ya wanyama wote.

"Bwana Mkubwa, nami nataka kuikatia bima nyumba yangu. Ila niambie hapa hapa, watu wasikie: hii ni nyumba?"

Kiboko akalitazama gamba, gumu kama jiwe. Akaona viazi vya kila mavuno, na fidia isiyolipwa kamwe.

"Hwo-hwo-hwo! Nyumba? Hili ni jumba, Mzee Kobe! Lete kiazi."

Sasa, Kiboko ana njia yake moja ya kutokea mtoni, wala haiachi. Siku ya kukusanya viazi ilipofika, Kobe akawaambia Kindi na watoto wa Ndezi wakae pembeni, akajiweka katikati ya njia hiyo. Kiboko huyo, gubu, gubu, gubu, macho kwenye viazi. Kobe akaingiza kichwa ndani. Kwachaa!

Gamba likapata ufa.

"Bwana Mkubwa," ikasema sauti kutoka chini, "nadai fidia."

"Ulikuwapo?" Kiboko akauliza kwa mazoea.

"Mimi hutoka nyumbani nikaenda wapi?"

"Basi ulikuwapo, mbona hukukimbia?"

"Nilikimbia! Nimeanza kukimbia jana. Hapa ndipo nilipofika."

Wanyama wakacheka mpaka wakagaragara.

"Hiyo si nyumba!" Kiboko akanguruma. "Huo ni mgongo!"

"Na kiazi ulichokula," Bi Ndezi akauliza kwa upole, "kilikuwa cha mgongo?"

Kiboko akafumba mdomo. Kwa Kiboko, hiyo ni kazi kubwa.

Basi Kobe akahamia kwa Kiboko na wote anaoishi nao. Na huko mahali pakavu ni pamoja tu: mgongoni mwa mwenyewe. Watoto wa Ndezi wakacheza huko juu, patapata, patapata. Kila Kiboko alipotaka kuzama, Kindi alimpigia kelele sikioni: "Bwana Mkubwa, wateja!"

Siku ya tatu Kiboko akaleta jembe. "Mgeni siku mbili," akasema.

"Sisi si wageni, baba," Kobe akajibu, akinyoosha shingo juani. "Sisi ni wateja."

"Na ufa huo utapona lini?"

"Utapona tu. Polepole. Kwani mimi nina kitu gani cha haraka?"

Kiboko akalia machozi, mto ukajaa. "Nifanye nini mwende zenu?"

"Mjengee Bi Ndezi, na Kindi umtafutie mti. Mimi nyumba yangu nitaondoka nayo."

Kiboko akajenga. Tone la kwanza la masika lilipodondoka, to!, lilianguka juu ya paa jipya, na chini yake watoto wote wamelala. Tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini, pua nje, macho nje. Akiona mtu anakuja na swali, huzama: bwiii!

Na funzo la hadithi hii? Waheshimuni wauza bima, lipeni kwa wakati, wala msijifanye wajanja, kwani ujanja haulipi. Hayo aliniambia Kobe mwenyewe, akitafuna kiazi cha Kiboko.

Hadithi yangu imefika nyumbani kwake. Ikiwa nzima, hamieni ndani nyote. Ikiwa na ufa, msinidai fidia. Mlikuwapo, mbona hamkunizuia?