Kilichochipuka Baada ya Moto

Kulikuwa na mjane mmoja katika nchi ya baridi, nchi ya viazi na parachichi. Mbele ya mlango wake palikuwa na kipande cha ardhi, hatua kumi kwa sita, ambacho marehemu mumewe alimwachia kwa neno moja: "Hapa pawe na maua." Shamba lote lililobaki alililima shemeji yake.

Mjane akapanda mawaridi mawili. La kwanza alilinunua kwa muuza miche mjini, jekundu, la kujivunia. Wageni walipiga nalo picha. La pili lilikuwa kijiti tu alichokata kwa jirani, akakichomeka ardhini, akakimwagilia mwaka mmoja, kisha akakiacha. Halikutaka dawa, halikutaka kubembelezwa. Lilitambaa chini chini na kutoa maua madogo ya pinki.

Kiangazi kimoja watu wakachoma mabua, upepo ukageuka. Moto ulipopita, mbele ya mlango palikuwa na majivu.

Shemeji akaja. "Pole, shemeji. Lakini maua hayaingii sufuriani. Hapa panafaa viazi."

"Nipe mpaka mvua za kwanza. Ukikuta ua, utapaacha. Usipokuta, lima."

"Haya. Mimi nitakuja na jembe, wewe nionyeshe ua."

Je, ungeanza kumwagilia lipi? Yeye alianza na lile jekundu, maana ndilo lililochipua upesi. Lilipanda mpaka dirishani. Akalibebea maji kutoka bombani, ndoo kwa ndoo, mgongo ukiuma, akijiambia: hili lina nguvu. Lile dogo hakulipa hata kikombe.

Miezi miwili ikapita. Majani na miiba, miiba na majani. Ua hakuna. Hata majani yenyewe hakuyatambua. Akakata tawi, akalipeleka kwa muuza miche.

Muuza miche akaligeuzageuza. "Mama, hili si waridi lako. Lako lilibebeshwa, yaani liliungwa juu ya shina jingine, kama parachichi zenu: juu jekundu, chini shina la mwitu. Cha juu kimeungua. Umekuwa ukimwagilia mwitu."

"Na nikiendelea?"

"Utapata mwitu mkubwa zaidi."

Alipofika nyumbani mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mlimani. Alikaa kizingitini kidogo, akaitazama kazi ya miezi miwili. Kisha akachukua panga. Akakata, akachimba, akang'oa na mizizi, mikono ikivuja damu. Na pale chini, kivulini, akaliona: lile dogo lilikuwa limechipua kutoka kwenye mizizi yake lenyewe, majani machache, yamefifia kwa kukosa jua, na tumba moja la ua.

Mvua ikanyesha. Shemeji akaja, jembe begani. Akainama, akatazama: ua la pinki limefunguka.

"Ni moja tu, shemeji. Tena dogo."

"Hukusema mangapi."

 Shemeji akageuka, akaenda kulima kwingine.

Wapendwa, najua mnangoja niseme ule moto ni Shetani. Hapana. Moto ni moto; unapita kwenye ua wa kila nyumba. Kuna aliyefiwa humu, kuna aliyeachwa, kuna aliyefukuzwa kazi juzi tu. Siulizi tulichanua vipi kabla. Suti ya Jumapili huchanua. Sauti ya kwaya huchanua. Jina la baba yako mzee wa kanisa, nalo huchanua vizuri sana juu ya shina lisilo lako. Nauliza hivi: tukikatwa mpaka ardhini, anachipuka nani?

Maana wapo waliochipuka na kinyongo, wakarefuka haraka, na sisi tukawapigia makofi: tazameni, amerudi na nguvu. Tena kinyongo hicho wanakimwagilia wenyewe kila asubuhi, ndoo kwa ndoo, huku imani ndogo waliyoichomeka kwa mikono yao ikififia kivulini.

Kata. Hata kama umekilea, kata. Mikono itavuja damu, kata tu. Mawingu yako mlimani, na mwenye jembe ameshatoka kwake.