Mwanafunzi wa Mwalimu Kandarinya

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelazwa wodini? Paukwa!

— PAKAWA!

Palikuwa na kwaya.

— Iimbe!

Palikuwa na mwalimu wake.

— Tumsikie!

Mtamsikia mpaka mkome.

Basi, hapo kale wanyama wa bondeni walikuwa na kwaya ya kumsifu Mungu, na kwaya ilikuwa na viongozi wawili. Wa kwanza Kiboko, pande la mnyama, tumbo linatangulia, mwenyewe anafuata. Wa pili Komba, kamnyama kadogo ka macho makubwa, kanaenea kiganjani. Kiboko alishika fimbo ya kuongozea. Komba alishika kazi. Yeye ndiye aliyefundisha sauti zote nne, wimbo kwa wimbo, misimu mitatu, wala hakuambiwa ahsante.

Ukafika mwezi wa Shukrani ya Mavuno. Desturi ya bondeni ni hii: siku hiyo viongozi wa kwaya hupikiwa chungu chao peke yao, maboga kwa karanga, mahindi mabichi, viazi vitamu. Kiboko akawaza: chungu kimoja, vinywa viwili. Akaona kinywa kimoja kimezidi.

Akaenda kwa Bi Kanga, mwenyekiti wa kwaya. "Mwenyekiti, kwaya hii ni takatifu. Kila kiongozi asimame aseme muziki alijifunzia wapi. Nasikia kuna mtu hapa katokea kilabuni."

Habari zikamfikia Komba. Moyo ukamuuma, kisha ukamchemka. Ni kweli alizaliwa kwenye kilabu cha ulanzi, mama yake akiuza pombe. Lakini mama alishakufa, na kwaya ile ndiyo nyumba aliyobaki nayo. Wakimtoa, aende wapi? Akasema, "Sitoki ng'o!"

Jumamosi kwaya nzima ikakusanyika. Kiboko akasogea mbele, ardhi ti! ti! ti!

"Mimi nimesoma ng'ambo ya ziwa. Miaka tisa. Si mchezo!"

"Kwa walimu gani?" akauliza Bi Kanga.

"Wote! Tajeni yeyote, alinifundisha."

Masikio ya Komba yakasimama. Akauliza kwa adabu zote, "Shikamoo, mwalimu. Hata Mwalimu Kandarinya?"

Jina hilo alilitunga pale pale, hata mate hayajamkauka.

"Marahaba. Kandarinya? Kandarinya alinifundisha mwenyewe!"

"Na ile amri yake ya siku ya Shukrani, uliishika?"

"Kuliko wote! Sijaivunja hata siku moja."

"Loo, hongera mwalimu wangu! Maana ni ngumu ile. Kiongozi aliyefundishwa naye asitie kitu kinywani tangu alfajiri mpaka jua lizame, tena awapakulie wenzake kwa mkono wake, kutoka chungu chake mwenyewe!"

Kwaya ikalipuka vigelegele, lilililii! "Mwalimu oyee!" Kiboko akajiuliza. Akikana, si ataonekana mwongo mbele za watu? Akasema, "Ndi... ndiyo hiyo."

"Na wewe, Komba?" akauliza Bi Kanga.

Sasa tulieni, hapa ndipo penyewe. Komba akapanda juu ya kigoda.

"Mimi nimesoma kilabuni. Ndiyo! Mama aliuza ulanzi, mimi nililala chini ya meza. Mlevi mmoja akianza wimbo, wa pili anadakia chini, wa tatu anapanda juu, na hakuna aliyewapangia. Hapo ndipo nilipozijua sauti. Asubuhi mama akiosha vikombe anamwimbia Mungu, na Mungu alimsikia, maana tulikula. Sioni haya! Mkitaka kunifukuza nifukuzeni, ila kwanza zisahauni nyimbo nilizowafundisha. Haya, sahauni! Nangoja."

Bi Kanga akakohoa. "Mimi mwenyewe sauti hii niliipata kwa kufukuzwa kwenye mashamba ya watu," akasema. "Keti, Komba. Hatoki mtu hapa."

Siku ya Shukrani ikafika. Chungu kikafunuliwa, mvuke fuu! Kiboko akashika upawa. Akampakulia Swala, akameza mate, gudu! Akampakulia Nyani, akameza mate, gudu! Akampakulia Komba boga linalochuruzika karanga, tumbo likanguruma ngurungu-ngurungu mpaka wa nyuma wakadhani ngoma zimeanza.

Akainama, akanong'ona, "Komba, mdogo wangu, huyu Kandarinya hana msamaha hata kidogo?"

"Mimi nitajuaje, kaka? Mwanafunzi wake ni wewe."

Kiboko akachungulia chunguni. Limebaki boga moja, na Nguchiro huyo anakuja na bakuli. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akatupa upawa, akatumbukiza mdomo mzima, chubwi! Akapiga kelele, boga limejaa mashavuni: "Sijasoma! Simjui Kandarinya! Ziwa lenyewe sijalivuka! Niacheni nile!"

Bonde zima likaangua kicheko, kwe-kwe-kwe! Komba hakucheka. Aliokota ile fimbo ya kuongozea, iliyoanguka kando ya chungu, akaifuta karanga kwa mkia wake.

"Ukimaliza kula, kaka, nenda ukasimame na wenzako wa besi," akasema. "Sisi tunaanza, hatukungoji."

Akainua mkono, kwaya ikaimba.

Hadithi nimeitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe, nimezoea.

Mnataka funzo? Haya, funzo ni kwamba kwaya takatifu iongozwe na waliosoma mbali, na mtu wa kilabuni asisogee hata mlangoni. Si maneno yangu. Ni ya mzee wetu wa kanisa, aliyasema Jumapili iliyopita, macho kanikazia mimi. Nami nikaitika amina. Jumapili hii njooni mapema mpate viti, maana anayeanzisha wimbo ni mimi.