Uzi Mwekundu wa Fundi Ambakisye

“Hata uzi mwekundu hufunguliwa.” Mmeisikia asubuhi hii mwalimu mkuu alipoombwa apime upya msingi wa darasa alioupima mwenyewe. Mkacheka, kisha mkaniuliza uzi wenyewe ni upi. Kaeni basi. Methali hiyo ilizaliwa gereji, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa Tukuyu na fundi wa magari aliyeitwa Ambakisye, mtu wa miraba minne, mwepesi wa utani ila mzito wa kukosolewa. Gereji yake ilikuwa na desturi. Fundi akimaliza kazi mahali, alifunga hapo kipande cha uzi wa rangi yake. Wa Lusajo, msaidizi wake wa miaka mingi, ulikuwa wa bluu. Wa Ambakisye ulikuwa mwekundu. Gari likirudi na ubovu, walikagua kwanza penye bluu. Penye wekundu hapaguswi, maana mkubwa ameshapita.

Kwa miaka mingi desturi hiyo haikumwangusha mtu. Kisha macho ya mzee yakaanza kufifia, naye hakumwambia yeyote, hata mkewe. Fundi asiyeona ni fundi wa nini? Alijiuliza hivyo kila alipokosa kusoma namba ya spana, na jibu lilimtia hofu.

Siku moja Nesi Sekela wa zahanati ya bondeni akaja gereji na pikapu yake kuukuu, ikivutwa kwa kamba na gari jingine. Pikapu hiyo ndiyo iliyowapandisha wajawazito mlimani kwenda hospitali, na wiki moja tu nyuma Ambakisye alikuwa ameihudumia.

“Fundi, shikamoo. Gari limenitia aibu,” alisema nesi. “Tambarare linakwenda vizuri. Mlimani linatetemeka, linakosa nguvu, halafu pa! pa! kama bunduki. Juzi likazima kabisa. Tumaini amejifungulia kwenye majani ya barabarani. Mama na mtoto wazima, namshukuru Mungu. Lakini wiki ijayo nina wajawazito wawili wa kupeleka.”

“Marahaba, mwanangu. Pole sana,” alijibu Ambakisye, na kweli moyo ulimuuma.

Wakafungua kabureta, wakaisafisha. Wakamwaga petroli ya tangi. Wakabadilisha plagi zote nne. Kila mara injini ilinguruma vizuri pale gereji, na kila mara ilipofika mlimani, pa! pa! Ng’ombe wa watu waliofungwa kando ya njia wakakata kamba kwa mshtuko. Siku ya tatu Ambakisye akatangaza kwamba injini ishushwe, ifunguliwe yote.

“Itachukua muda gani?” aliuliza nesi.

“Mwezi.”

Sekela akakaa juu ya tairi bovu, akajishika kichwa. Hakulia, ila Ambakisye angependelea alie.

Lusajo akasogea, akanong’ona, “Mzee, kuna mahali bado hatujafungua.”

“Wapi?”

“Penye uzi mwekundu.”

Ulifungwa kwenye kifuniko cha platini, vile vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi zitoe cheche. Nafasi kati yake hupimwa kwa kibamba chembamba chenye namba. Ikiwa finyu, cheche huchelewa, na gari likibeba mzigo petroli huenda kuwakia kwenye bomba la moshi. Ambakisye aliyajua hayo tangu ujana. Alijua pia kwamba wiki ile, aliposhindwa kusoma namba, alichagua kibamba kwa kupapasa.

“Unanifundisha kazi?” alifoka.

Lusajo akainamisha kichwa. Asingerudia, mzee alilijua hilo. Ingetosha kunyamaza, injini ishushwe, na jina lake libaki lilivyo. Ambakisye akamtazama Sekela pale juu ya tairi. Akamfikiria Tumaini kwenye majani. Akakata uzi kwa kisu chake mwenyewe, akafungua kifuniko, akampa Lusajo vibamba.

“Nisomee namba, mwanangu. Mimi sizioni.”

Lusajo akapima. Nafasi ilikuwa nusu ya inavyotakiwa. Akairekebisha kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, wakapakia magunia matatu ya mchanga, wakapanda mlima wote watatu. Pikapu ikapanda kimya, na ng’ombe hawakuinua hata shingo.

Kule juu Sekela akauliza, “Kumbe ilikuwa nini? Petroli chafu?”

Lusajo akatazama dirishani. Alimwachia mzee wake mlango wa kutokea: aseme tu ni petroli.

“Ilikuwa mimi,” alisema Ambakisye. “Macho yangu yamechoka, nikaficha. Tumaini alijifungulia njiani kwa sababu yangu.”

Nesi hakumwambia “si kitu,” maana kilikuwa kitu. Akasema, “Kesho nakupeleka ukapimwe miwani. Ila kwanza tunapitia kwa Tumaini, umwambie mwenyewe.”

“Nitamwambia.”

Alimwambia, mtoto akiwa amelala mapajani mwa mama yake. Na tangu siku hiyo, gari lililorudi na ubovu lilikaguliwa kwanza penye uzi wake. Vijana wapya waliposita kuushika, Ambakisye alivaa miwani yake, akawapa kisu mkononi, akawaambia, “Kateni. Hata uzi mwekundu hufunguliwa.”