Nyumba Ibaki na Paa

Hamjambo, wanangu? Sogeeni. Wewe wa nyuma, meza kwanza huo muhogo, maana habari hii ni ya mahakamani, na mahakamani hakutafunwi. Kimya? Haya.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakishtakiana kama sisi, Paa, yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti, alijenga nyumba ya udongo akaiezeka kwa nyasi mpya. Mvua ya kwanza ikashuka, pwaaa! Nyati akabisha hodi.

"Shemeji, nijibanze kidogo tu."

Akaingia, akalala. Mvua ikakatika, Nyati hatoki. Akamtoa nje Paa na mtoto wake mchanga, akafunga mlango kwa makalio.

Paa akaenda kushtaki. Hakimu alikuwa Kifaru, anayegaagaa tope moja na Nyati kila jioni. Karani alikuwa Kasuku. Mahakama ile haikuandika kitu. Hakimu akishagonga rungu, Kasuku anarudia alichosema, na hiyo ndiyo hukumu mpaka kiama.

"Nyati, nyumba ni ya nani?"

"Yangu. Si nimo ndani?"

"Hoja nzito," akasema Kifaru.

Paa akamtazama mwanawe anavyotetemeka, na mawingu yanajikusanya tena. Akaona haki hapa haipo. Labda neno litapatikana.

"Mheshimiwa, nimeshindwa," akasema, akilia kwi! kwi! "Nyumba achukue. Ila zile nyasi za juu nilikata mwenyewe. Niruhusu nizishushe niende nazo."

"Thubutu!" Nyati akaruka. "Ninyeshewe mimi? Mheshimiwa, nyumba ibaki na paa!"

"Shemeji, nakusihi..."

"Nimesema ibaki na paa! Hujaelewa nini, we kijiti?"

Paa akainamisha kichwa. "Basi, mheshimiwa, mpe anachoomba. Sina pingamizi."

Kifaru akafurahi, kesi inaisha kabla ya chakula.

"Ombi la Nyati limekubaliwa. Nyumba ibaki na paa." Ngo!

Nyati akacheka mpaka akapaliwa.

"Karani," akasema Paa, machozi yameshakauka, "hukumu inasemaje?"

"Nyumba ibaki na paa," akajibu Kasuku.

"Na mimi naitwa nani?"

"Paa."

"Ahsante. Twende, mwanangu, kabla haijanyesha."

"Paa la nyasi!" Nyati akanguruma. "Nilisema paa la nyasi!"

"La nyasi hukusema," akasema Kasuku.

"Mheshimiwa! Rafiki yangu!"

Kifaru akajikuna sikio. "Mahakama hailambi matapishi yake. Halafu, ombi lilikuwa lako."

Nje, wachambuzi wa sheria walikuwa wameshaanza.

"Hukumu ya kihistoria," akasema Kunguru.

"Hukumu ya hovyo," akasema Kanga. "Paa lipi? La juu ya nyumba, au huyu mwenye mkia?"

"Hata ukiandika ni yaleyale. P, a, a. Soma mwenyewe."

Mvua ikashuka, pwaaa! Paa alikuwa ndani, anamkausha mtoto. Nyati alikuwa nje na wachambuzi, anauliza rufaa inakatwaje.

"Inategemea," wakamwambia.

Basi, wanangu, mbele ya hakimu chunga neno lako, hata kama hakimu ni rafiki yako.

Mimi naenda kuepua maharage, nasikia yanaungua. Msitawanyike. Nikirudi nitawauliza nani kaelewa.