Keekee na Jiwe la Nkwimba

Mnunua keekee hubeba jiwe lake.

Methali hiyo mmeisikia mchana huu, shangazi yenu alipomwambia Sayi, ambaye alitaka kununua pampu ya maji kwa kuwa tu ameiona kwenye simu ikirusha maji hadi juu ya paa. Mmecheka mpaka mmeshika mbavu, kisha mmekuja kwangu kuuliza hilo jiwe limetoka wapi. Basi sogeeni. Hii si methali ya enzi za wanyama kusema. Ina umri mdogo kuliko meno yangu ya bandia, na ilianza hivi.

Huko Mwanza, juu kabisa ya kilima cha Igogo, aliishi fundi cherehani aitwaye Nkwimba pamoja na mama yake mzazi, Bi Holo. Nyumba yao ilijengwa kwa mawe ya hapo hapo kilimani, mawe yale magumu ya kijivu, na bafu lilikuwa nje uani, nalo la mawe. Siku moja Bi Holo aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akaanza tena kutembea kwa gongo. Daktari alikubali kumruhusu siku ya Jumamosi, lakini akamwambia Nkwimba kwamba mama asikanyage bafu lile mpaka ukutani kuwe na vyuma viwili vya kushikia, tena vilivyokazwa barabara.

Maduhu, kaka yake Nkwimba, naye alikuwa amesema lake. Angekuja Jumamosi hiyo na gari, na kama vyuma havipo angeondoka na mama kwenda Dodoma, kwenye nyumba yake ya kupanga, ghorofa ya tatu. Hakuwa mtu mbaya, alihofia tu mama asije akaanguka tena. Lakini Bi Holo aliposikia jina la Dodoma aligeukia ukutani.

“Nkwimba mwanangu,” alisema, “nikipandishwa ghorofani kule, nitashuka nimebebwa. Nirudishe kwangu.”

Maneno hayo yalimchoma Nkwimba kuliko sindano zote alizowahi kujichoma. Vyuma alishavichomelesha, na boliti zake alikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu wa kutoboa ukuta. Fundi wa mtaani aliahidi Jumatatu, akaahidi Jumanne, na Jumatano simu yake ikawa haipatikani. Mnawajua mafundi wa kesho. Na hata angekuja, keekee yake, ile mashine ya kutobolea, ilikuwa ya waya, na bafu lile halikuwa na umeme.

Alhamisi asubuhi Nkwimba aliamka na wazo lililomfanya acheke peke yake kitandani. Siku hizi si kuna keekee za betri? Kwa nini asinunue yake, akatoboa mwenyewe? Mtu aliyeendesha cherehani miaka ishirini atashindwaje na mashine ya kushika mkononi! Alifunga kanga, akachukua akiba yake yote, akateremka kilima karibu anakimbia.

Katika duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni alipokewa na muuzaji kijana aliyeitwa Gervas, ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa wala breki.

“Karibu mama, karibu sana! Umekuja siku yako hasa!” Gervas alisema, akaweka juu ya meza keekee tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, ndani ya sanduku lenye vipande mia moja vya kila namna, na ubavuni imeandikwa namba kubwa ya volti kuliko zote. Ya pili ilikuwa ya kijani, nyepesi, inayokaa vizuri mkononi. Ya tatu ilikuwa fupi, nene, nzito, ya rangi ya tope, ina betri mbili na chaja basi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

“Hii nyekundu ndiyo habari ya mjini,” Gervas alisema. “Angalia.” Akaigusisha kwenye kipande cha mbao, ikapenya kama kisu kwenye papai. Watu waliokuwa dukani waliguna kwa kustaajabu, na Nkwimba, nisiwafiche, moyo wake uliruka. Alijiona tayari yuko bafuni anatoboa. Mkono ulishaingia kwenye mkoba.

Bado aliuliza, “Ukuta wangu ni wa mawe. Itaweza?”

“Ukuta ni ukuta tu, mama!”

Hapo mkono wa Nkwimba ukasita. Maneno hayo alikuwa ameshawahi kuyasikia kwa sura nyingine. Mwaka uliotangulia mteja mmoja alimpigia simu amshonee mumewe suti, na alipoulizwa vipimo akajibu, “Ah, ni mtu wa kawaida tu.” Siku ya kuichukua, yule mtu wa kawaida aliingia mlangoni kwa ubavu. Tangu siku hiyo Nkwimba hakukata kitambaa mpaka mwili wenyewe usimame mbele yake. Sasa yeye mwenyewe alikuwa anataka kununua keekee kwa kuiona ikitoboa mbao ya watu. Juu ya ukuta wa duka palikuwa na kibao: Mali ikiuzwa hairudishwi. Akiba yake ilitosha keekee moja, na siku zilizobaki ni mbili.

“Hizi zote uziweke chaji usiku kucha,” alimwambia Gervas. “Nitarudi kesho asubuhi.”

Ijumaa, duka lilipofunguliwa, watu wa soko waliona kitu ambacho hawajawahi kukiona. Nkwimba alikuwa anakuja na ngata kichwani, na juu ya ngata jiwe la kijivu la ukubwa wa boga, lililobaki siku bafu lilipojengwa. Jasho linamtoka, shingo imenyooka.

“Mama, unaleta jiwe Mwanza, mji wa mawe?” mchukuzi mmoja alipaza sauti. “Si upeleke na maji ziwani!”

Soko zima likaangua kicheko. Nkwimba naye alicheka, kwa sababu kweli ilichekesha, lakini hakusimama. Alilitua jiwe lake sakafuni mbele ya Gervas, kishindo kikatikisa makopo ya rangi.

“Huyu ndiye ukuta wangu,” alisema. “Mwoneshe hizo keekee zako.”

Gervas alikuna kichwa, lakini watu walishajaa mlangoni na hakukuwa na njia ya kukataa. Alifunga ncha ya kutobolea mawe kwenye ile nyekundu, akaikandamiza. Ikalia kwa sauti nyembamba, ikalia zaidi, kisha harufu ya kuungua ikajaa dukani. Alipoiondoa, jiwe lilikuwa na alama ndogo kama chunusi.

“Namba zake kubwa, lakini meno hana!” mchukuzi akapiga kelele.

Ikaja ya kijani. Hii ilikuwa na kigongeo ndani yake, ikajitahidi kweli, ikaingia pingili moja ya kidole. Watu wakaanza kuishangilia. Kisha ikapunguza mwendo, ikakohoa, betri ikaisha, na haikuwa na nyingine. Nkwimba aliipapasa kwa huruma akaiweka pembeni.

Gervas akanyoosha mkono kuchukua ya tatu, ile ya rangi ya tope.

“Hapana kaka, hiyo nipe mimi,” Nkwimba alisema. “Atakayetoboa nyumbani ni mimi.”

“Ni nzito, mama. Hii ni kazi ya wanaume.”

“Wanaume nimewangoja tangu Jumatatu.”

Wanawake waliokuwa mlangoni walipiga vigelegele. Nkwimba aliomba jiwe lipandishwe juu ya mapipa mpaka lifike usawa wa kifua, pale pale ambapo chuma kingekaa ukutani. Akaishika keekee kwa mikono miwili, akapanua miguu, akabonyeza. Trrrrrr! Ilimtetemesha mpaka mashavu. Ilikuwa inagonga huku inazunguka, na vumbi la kijivu likaanza kumwagika. Ncha ikazama taratibu, ikazama tena, hadi mwisho wake.

“Moja!” watu wakapaza sauti.

Gervas, ambaye sasa alikuwa ameshasahau kwamba yeye ni muuzaji, alikuwa anarukaruka. “Imeingia! Mama, imeingia yote! Umeridhika?”

“Bado. Vyuma vyangu viwili vinataka matundu manane.”

“Manane?”

“Manane. Nijue betri zitanifikisha au zitaniacha njiani.”

Watu wakahesabu naye. Mbili! Tatu! Mikono ilimuuma, akawa anapumzika kidogo baada ya kila tundu, kisha anarudi. Nne! Tano! Kwenye tundu la sita betri ilizimika, na duka zima likasogea karibu kana kwamba ni wao wanaosubiri mama yao. Nkwimba akachomoa betri, akachomeka ya pili. Sita! Saba! Ncha ilipozama mara ya nane, yule mchukuzi aliyemcheka ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono.

Nkwimba alilipa, akaondoka na keekee yake ya rangi ya tope. Jiwe aliliacha pale pale, maana nani angelipandisha tena kilimani? Betri zilipojaa tena alikwenda bafuni, na kabla jua halijazama vyuma vyote viwili vilikuwa ukutani. Alitoboa bila woga, kwani ukuta ule alikuwa ameshapambana nao dukani.

Jumamosi Maduhu aliingiza gari uani. Bi Holo alikuwa kiti cha nyuma, amekumbatia gongo lake. Maduhu alikwenda moja kwa moja bafuni. Ni mtu mwenye mwili, nanyi mnajua watu wa ukoo huo. Alikishika chuma cha kwanza akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akakunja magoti akaning'inia uzito wake wote, na Nkwimba nyuma yake ameshika roho mkononi. Chuma hakikutikisika. Akajaribu cha pili, nacho vile vile.

“Fundi gani huyu?” Maduhu aliuliza huku akijifuta jasho.

“Mimi, kaka.”

Maduhu alimtazama dada yake, akatazama mawe, akatazama vyuma tena. Kisha alirudi kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma. “Mama,” alisema, “shuka. Umefika kwako.”

Bi Holo aliomba kwanza apelekwe bafuni. Alitaka kuoga maji ya kwake baada ya wiki tano za hospitali. Mlangoni alimpa Maduhu gongo, akashika chuma cha kwanza, akavuta hatua, akashika cha pili. Mikono ya wanawe ilikuwa imenyooshwa tayari kumdaka.

“Tokeni,” aliwaambia. “Kwani mimi mtoto?” Akafunga mlango.

Wakasimama uani wanasikiliza. Maji yakamwagika. Yakamwagika tena. Ili kuupunguza wasiwasi, Nkwimba alianza kumsimulia kaka yake habari ya keekee tatu, jiwe, mchukuzi na matundu manane, akasahau kwamba mlango ule ni wa mabati na ndani yupo mwenye masikio. Alipofika mwisho, kicheko kikatoka bafuni, kicheko kikubwa ambacho hawajakisikia tangu siku ile ya kuanguka.

“Nkwimba!” Bi Holo aliita.

“Abee mama.”

“Na watoto wa watoto wenu waambieni hivyo. Iwe wananunua, iwe wanaoa, iwe wanahama. Wasidanganyike na mbao ya dukani.” Maji yakamwagika mara nyingine, na ile sauti ikapanda juu zaidi, yenye furaha, ya mtu aliyesimama kwa miguu yake ndani ya nyumba yake. “Mnunua keekee hubeba jiwe lake!”