Miguu ya Bibi Makihiyo

Sogeeni karibu. Hadithi hii imenishinda mimi mwenyewe, kwa hiyo mwishoni nitawauliza.

Uziguani paliishi Bibi Makihiyo. Yeye peke yake alijua kuosha ndiga, kile kiazi cha porini kinacholiwa mwaka wa njaa, na kinachoua kikiliwa kabla sumu haijatoka. Alipozeeka, wanawe walimpa heshima iliyokaribia kummaliza. Akishika jembe, wanampokonya. Akitaka maji, analetewa. "Mama, umeshatulea, kaa." Akakaa miaka miwili. Mapaja yakanywea, na akili nayo ikafuata. Akawa anamwita binti yake kwa jina la dada yake marehemu.

Kisha mvua ikagoma. Jirani mmoja akachimba ndiga, akaiosha kwa kubahatisha, na kesho yake wakazikwa watu wanne. Kijiji kikamkimbilia Bibi. Akawatazama wote wale uani, akatabasamu, akauliza, "Harusi ya nani?"

Mwanawe Sengasu alikuwa na moyo mgumu. Aliwahi kuona kwamba siku mama akitembea, jioni yake hukumbuka majina. Basi kila alfajiri akamwinua, akamkokota hadi mtoni, Bibi akilia na kumlaani. Watu walimwita mtesaji.

Zaituni, binti wa Bibi, alikuwa na subira. Nafaka hakuna, kwa hiyo akatia mchanga kinuni. "Tutwange, mama." Wakatwanga mchanga kutwa nzima, mtu na mama yake, mpaka mikono ya Bibi ikapata nguvu.

Mke wa Sengasu, jina lake Mgeni, alikuwa na mbuzi mmoja na mtoto anayetambaa. Maziwa yalitosha mmoja tu. "Miguu haijengwi kwa maji matupu," alisema, akampa Bibi kikombe, akageuza uso asimwone mwanawe. Mtoto akaacha kutambaa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, pale mtoni, Bibi akasimama bila kushikwa. "Nileteeni hizo ndiga," akasema. Akaziosha, akazionja kwanza yeye. Watu wakala, wakaamka wazima.

Sasa Bibi ana shamba moja la bondeni lenye unyevu, dogo, haligawanyiki. Wazee wamemtaka alitoe leo kwa aliyemrudishia akili.

"Bila miguu asingefika mtoni," anasema Sengasu.

"Na bila mikono angeoshaje?" anajibu Zaituni.

Mgeni amemlaza mtoto wake mbele ya Bibi.

Bibi anaogopa. Anakumbuka jinsi giza lile la kusahau lilivyomwingia polepole, bila hata maumivu. Anajua watakaokosa wataondoka na kinyongo, na mtu mmoja hawezi kumtembeza, kumtwangisha na kumlisha. Zaituni ameanza kufundishwa, lakini ulimi wa kuonja sumu haupatikani kwa msimu mmoja, na njaa bado ipo. Leo asubuhi Bibi alitaka kumwita mjukuu wake, na jina likachelewa kuja.

Haya, amueni. Shamba lile mngempa nani? Na wale wawili mngewaambia nini, ili kesho alfajiri waje?