Kofia ya Mzee Mũkũri

Kabla kompyuta haijafika mlimani kwetu, karani wa zahanati aliandika majina kwa kalamu. Lugha yetu ina u mbili, na ile nzito, inayokaribia o, ilivishwa kofia. Kwa hiyo Mzee Mũkũri na jirani yake Mzee Mukuri walitibiwa hapo miaka mingi bila kuchanganywa.

Kompyuta ilipoletwa, karani Kagendo aliitafuta herufi yenye kofia kwenye vitufe vyote asiione. Alijaribu kuweka alama ya wimbi kando ya u. Mashine ikalikataa jina. Aliwauliza walioileta, wakamwambia aandike u ya kawaida, watu watazoea. Watu wakazoea kweli. Yeye hakuzoea. Kila alipochapa jina alihofia kuchanganya watu, akawa analala vibaya.

Asubuhi moja wazee wale wawili walifika pamoja. Mukuri alikuwa na kisukari, amefuata sindano ya kushusha sukari. Mũkũri aliumwa goti tu. Kagendo akachapa karatasi mbili, na majina yakatoka yakifanana herufi kwa herufi. Akazipeleka ndani, akarudi dirishani.

Muuguzi, mgeni wa bondeni, akashika karatasi ya sindano, akaita, "Mukuri." Mũkũri, aliyekwisha kukubali kwamba serikalini hana kofia, akainuka akaingia.

Nusu saa baadaye Mzee Mukuri, aliyekuwa msalani jina lilipoitwa, akaja dirishani, akauliza kama zamu yake imefika. Kagendo akamtazama.

"Mzee," akasema, "kama wewe uko hapa, aliye ndani ni nani?"

Hakungoja jibu. Alikimbia ndani akakuta sindano imeshachomwa. Mzee Mũkũri alikuwa anatokwa na jasho, mikono ikimtetemeka, akimwita mke wake aliyezikwa zamani. Wakamwekea dripu ya glukosi. Kagendo alimshika mkono hadi adhuhuri, akilirudia jina lake kwa u nzito, naye haitiki. Hakuthubutu kunyamaza.

Ndipo mzee akafumbua macho. "Nakusikia," akasema. "Usilie."

Baadaye fundi mmoja alimwonyesha Kagendo jinsi ya kushikilia kitufe kimoja huku akibonyeza tarakimu tatu, na kofia ikatokea. Alifurahi, lakini hakuiamini tena karatasi peke yake.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu mgonjwa haguswi kwa sababu tu ameitika. Hulitamka jina lake kwa kinywa chake, na la baba yake, muuguzi akifuatisha kwa kidole kwenye karatasi. Asiyeweza kusema husemewa na wa nyumbani kwake. Wageni hulalamika kwamba foleni yetu ni ndefu. Ni ndefu kweli, na sijamsikia mwenyeji akiomba ifupishwe.